Mwanya Usio Wake

Riteina, kile kifuniko cha plastiki kinachozuia meno yaliyonyooshwa yasirudi yalikotoka, haitakiwi kuwa na joto. Ukiitoa mdomoni asubuhi, ukaisuuza kwa maji ya baridi na kuifungia kwenye kikasha chake, jioni utaikuta baridi kama kijiko. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa akizitengeneza. Kwa hiyo jioni ile aliporudi kutoka kazini, akafungua kikasha na kuikuta ile plastiki ina uvuguvugu na mate, kana kwamba imetoka mdomoni mwa mtu dakika hiyo hiyo, alisimama katikati ya chumba mkoba ukiwa bado begani. Alikuwa anaishi peke yake.

Akaiosha. Akajiambia ni jua la dirishani. Wakati wa kulala akaivaa.

Kliniki nzima walimwita Bi Nasaha. Wagonjwa wakishatolewa waya za meno, daktari aliwaelekeza kwenye kijichumba chake cha nyuma wakachukue riteina, na huko walikipata cha moto.

"Meno ni makaidi," aliwaambia. "Ukiyaachia wiki mbili tu, yanarudi yalikotoka. Usiioshe kwa maji ya moto, itajikunja. Na ukitaka kula, usiifunge kwenye tishu, itakwenda jalalani na mabaki."

"Sasa nivae mpaka lini?"

"Maisha yote. Kwani wewe ukishaoga leo ndiyo basi?"

Naye mwenyewe alikuwa mfano. Meno yake daktari aliyanyoosha kwa hisani tu, na picha yake, kabla na baada, ilitundikwa mapokezi ili kila aingiaye aione. Ndiyo maana alishindwa kusema riteina yake mwenyewe ilipopotea. Siku walipokula chakula cha kumuaga mwenzao mmoja, aliitoa riteina yake, akaifunga kwenye tishu, akaiweka kando ya sahani. Sahani zikaondolewa, nayo ikaenda. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata dawa yake mwenyewe hakuinusa. Kutengeneza nyingine kulihitaji daktari ampime, na daktari angeuliza, na wenzake wangecheka mpaka wiki iishe. Aibu ndogo kama hiyo humpita mtu kama mafua. Yeye akaikimbia, na kama wasemavyo wasio na adabu, akaruka mkojo akakanyaga mavi.

Kwenye kabati alimohifadhi sanamu za plasta za meno ya wagonjwa, palikuwa na kikasha cha bluu. Kilikuwa cha binti mmoja mwenye kithembe na mwanya wa mbele, ambaye hakukubali mwanya huo uzibwe. "Huu wa mama yangu," alisema. "Mengine nyoosheni, huu niachieni." Bi Nasaha akaitengeneza riteina yake akiuacha mwanya ulivyo. Kabla haijachukuliwa, mama mtu akapiga simu. Binti alikuwa amefariki.

"Usikitupe hicho kidude, mwanangu," mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Siku nikipata nguvu nitakuja kukichukua."

"Nitakutunzia, mama. Kwa mikono yangu mwenyewe." Siku hiyo alimaanisha.

Mwaka ukapita. Wiki chache baada ya riteina yake kwenda jalalani, jino la mbele la Bi Nasaha likaanza kulala upande. Siku moja akafungua kikasha cha bluu, akajaribisha, akaona inakaribia kumkaa. Akaichovya kwenye maji ya moto, yale yale aliyowakataza watu, akaikandamiza mdomoni mpaka ikafuata meno yake na alama ya mwanya ikafutika. Akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote baadaye.

Basi lile joto likawa la kila jioni. Kisha alama ya mwanya ikarudi kwenye plastiki. Akaichovya tena, akaikandamiza tena, na kesho yake ikawa imerudi. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya karafuu na plasta mbichi, harufu ya kazini, ikitoka ndani ya mto wake. Kisha sauti ya kusaga meno, taratibu, karibu na sikio lake, naye kinywa chake ki wazi. Akaacha kuivaa. Asubuhi aliamka nayo mdomoni.

Kazini akaanza kushinda na barakoa. Chini ya barakoa ulimi wake ulikuwa umegundua upenyo kati ya meno mawili ya mbele, mdogo kama unene wa ukucha, halafu si mdogo tena. Na adhuhuri moja, akiwa amemkalisha mgonjwa na kumhubiria kama kawaida yake, usiioshe hivi, usiiweke vile, alisikia maneno yanamponyoka, yanakuwa mepesi, yanapita penye ule upenyo kama upepo chini ya mlango, akijitahidi kuyashika yasitoke na yanatoka, mpaka mgonjwa akaanza kurudi nyuma na kiti chake, maana sauti iliyokuwa ikisema "uthiifunge kwenye tithu" ilikuwa ya msichana mdogo, na bila kupumzika ikauliza, "Mama anakuja thaa ngapi?"

Mgonjwa alitoka bila kuaga. Aliyeingia ni mama wa usafi, mtu mzima, ambaye akimaliza kupiga deki kliniki huenda kuwatibu watu wenye majini. Akaegemeza fagio lake, akafunga mlango.

"Umechukua cha nani?" alinong'ona.

"Sijachukua kitu, mama."

"Mdomo wako umeshasema. Mimi nakuuliza wewe."

Bi Nasaha akainama. Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alificha jambo moja tu: kwamba alifurahi.

"Huyo si wa kufukuzwa kwa dawa," mama wa usafi alisema. "Amana ikiwekwa, hupata mlinzi wake. Wewe ndiye uliyemwita, siku ile uliposema utatunza. Mpigie mwenye mali aje achukue. Na useme ulichofanya, usipunguze neno."

"Nitafukuzwa kazi."

"Ufukuzwe. Yeye hafukuziki."

Hakupiga simu. Siku tatu mfululizo aliibonyeza namba akaifuta. Siku ya nne mama wa binti akaja mwenyewe, kavaa vizuri kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni.

Daktari alimkaribisha pale mapokezi kwa heshima, akamwita Bi Nasaha, akaenda mwenyewe kabatini kuitoa sanamu ya plasta ya meno ya marehemu, kwa kuwa mama alitaka kukiona kidude kikikaa mahali pake. Bi Nasaha akakitoa kikasha kwenye mkoba. Maji ya moto mara zote hizo, alijua, yalikuwa yameiharibu. Daktari angeijaribu kwenye plasta, ingegoma, na mambo yangekwisha hapo. Daktari akaijaribu. Ikaingia kwa mlio mdogo, ikakaa sawasawa, mwanya kwenye mwanya.

"Huyu Bi Nasaha wetu," daktari akasema, "ukimwachia kitu, lala usingizi."

Kumbe ameokoka. Kilichobaki ni kunyamaza.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema, akimshika mikono. "Hebu toa hiyo barakoa nikuone uso. Kwenye simu nilikusikia tu."

Angekataaje? Akaitoa. Mama akamtabasamia, na mwanya wake ukaonekana, naye Bi Nasaha, kwa mazoea tu ya adabu, akatabasamu.

Mama akaiachia ile mikono. Daktari aligeuka kuitazama picha ukutani, akarudi kumtazama fundi wake, akaitazama tena picha. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walinyoosha shingo. Aibu ilimpanda Bi Nasaha kutoka miguuni, ikamfikia masikioni, na mwishowe akasema, maana hakukuwa tena na pa kujificha.

"Nithamehe, mama. Nilikivaa."

Alingoja kofi. Mama alisogea, akanyoosha kidole gumba, akaugusa ule mwanya kwa upole.

"Sema tena."

"Nithamehe."

"Tena, mwanangu."

"Nithamehe, mama."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mama, naye anacheka. Akaichomoa riteina kutoka kwenye plasta, akaiweka kiganjani mwa Bi Nasaha, akamkunja vidole kimoja kimoja. Ilikuwa na joto.

"Vaa kila usiku," alisema. "Nitakuwa nakuja kukuona. Usinipotezee tena."

"Mpaka lini, mama?" Bi Nasaha alinong'ona.

Mama alimtazama kwa mshangao.

"Si wewe unayewafundisha wenzio?"