Jani Lisilo na Ncha

"Usinikatize, Tupokigwe. Mdogo wako ni mwizi, na wewe ndiye unayempikia."

"Nimekusikia mara ya nne, Gloria. Mara ya tano niletee na kiti, nisikilize nimekaa."

Watu walikuwa wameshajaa kwenye kichochoro kinachotenganisha nyumba zile mbili, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi. Gloria alisimama mlangoni kwake, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayetaka kupigana, akawa anamwaga yote: kwamba kaka yake alifanya ujinga kumkabidhi mtu baki ufunguo wa stoo, kwamba alimwonya tangu mwaka jana, kwamba watu wa aina hiyo mkono wao haushibi. Tupokigwe alimsikiliza huku macho yakizurura. Akaona jirani yake huyo hatimaye ameziba kwa maboksi ule uwazi kati ya ukuta na bati la nyumba yake, uliokuwa ukimkohoza kila upepo wa Julai ukianza. Alitaka kumpongeza, kisha akakumbuka kuwa wanagombana.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumanne ile, saa nne asubuhi, Nikodemo, kaka yake Gloria, anayeuza midoli kwa jumla hapo Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, alifungua katoni ya magari ya kuchezea akakuta ishirini na nne. Karatasi ya mzigo ilisema thelathini na sita. Akafungua katoni zote ishirini. Hadithi ni ile ile: kila katoni imejaa pomoni, tepu imenyooka, na magari kumi na mawili hayamo. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, na aliyekuwa nao ni Anna, mdogo wake Tupokigwe. Nikodemo alisema maneno machache: saa nane mchana ikifika mali haijaonekana, Anna anakwenda polisi.

Tupokigwe ni mama lishe. Sufuria zake zinatazamana na foleni ya malori, na habari ya mji huu haivuki mpaka kabla haijapita kwake kula. Saa tano kamili aliacha maharage motoni, akaenda stoo.

Anna alikuwa amekaa juu ya katoni, macho mekundu.

"Mzigo ulifika lini?"

"Jumamosi, saa kumi jioni. Mimi nilikuwa nimekwenda na kwaya Mbozi Mission, nikarudi Jumapili giza limeingia. Lori halikuweza kusubiri, kaka Nikodemo akasema ushushwe kwa Gloria. Jumatatu saa mbili Aliko akanihamishia hapa kwa baiskeli."

"Hukuhesabu?"

"Nilihesabu, dada. Nilifungua moja, ishirini na nne. Miaka yote katoni ni ishirini na nne. Karatasi alikuwa nayo yeye, ningejuaje kuwa safari hii magari yameongezwa?"

Tupokigwe alichukua gari moja. Zamani yalikuja kwenye boksi kubwa lenye dirisha la plastiki, nusu yake hewa tupu, na akina mama walilipenda kwa sababu lilionekana zawadi ya maana. Sasa gari lilikuwa limebanwa kwenye boksi dogo la karatasi, halina plastiki hata kidogo. Nikodemo alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba kampuni imepunguza vifungashio ili kutunza mazingira, na wateja watadhani na gari lenyewe limepungua.

"Na katoni nayo imepungua?"

"Nilivyoona, ndiyo. Nikasema boksi dogo, katoni ndogo. Si inaeleweka?"

Inaeleweka sana, na hilo ndilo lililomkera Tupokigwe. Aliigeuza katoni. Ubavuni palikuwa pamechorwa jani kubwa la kijani, shina chini, likipanda kuelekea mdomo wa katoni. Lakini jani halikuwa na ncha. Lilifika ukingoni likakatika, na ukingo wenyewe ulikuwa na meno meno, kama umekatwa kwa kisu cha jikoni. Akatazama nyingine. Nayo haina ncha. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Kiwanda hakikati kwa kisu cha mchicha," alisema.

Nje, Gloria alikuwa ameshapata mwizi wa pili. Alimwambia kila mpita njia kwamba kama si Anna peke yake, basi ni Anna na yule mbeba mizigo. Aliko akakutwa kijiweni, vijana wamemzunguka, mmoja ameshika tairi la baiskeli yake.

Tupokigwe aliwapenya kwa kiwiko. "Aliko, nijibu vizuri, maana hawa wana hamu ya kupiga mtu. Jumatatu ulibeba ngapi kwa safari?"

"Nne nne, mama. Siku zote nne."

"Unafunga na nini?"

Aliko akaonyesha mpira wa tyubu uliofungwa kwenye kiti cha nyuma. Mpira ule aliukata kwa ajili ya katoni za Nikodemo, miaka mitatu iliyopita; nne zikipangwa, kulabu inafika pale pale, haizidi haipungui. Sasa katikati ya mpira palikuwa na fundo jipya, halijapata hata vumbi.

"Hili?"

"Jumatatu mpira ulilegea, katoni zinacheza. Nikafunga fundo."

"Wapi? Ukiwa stoo kwa Anna?"

"Hapana. Mlangoni kwa mama Gloria, kabla sijaondoka. Nikamuuliza mbona zimekuwa fupi, akasema kampuni siku hizi inapunguza kila kitu."

Kijana aliyeshika tairi akaliachia.

Saa saba na nusu Tupokigwe alirudi kichochoroni na katoni begani, Anna nyuma yake, Nikodemo nyuma ya Anna, na mtaa mzima nyuma ya Nikodemo. Gloria alitoka akiwa na mwiko.

"Mmeniletea mwizi nyumbani?"

"Nimekuja kukusifia," Tupokigwe alisema. "Umeziba upepo. Maboksi umepata wapi?"

"Nimeokota sokoni. Kuokota nako ni kosa?"

"Si kosa. Kaka Nikodemo, wewe ni mrefu. Hebu chomoa moja."

Gloria alisema asiguse nyumba ya watu. Nikodemo alimtazama dada yake, kisha akanyoosha mkono juu, akavuta kipande chini ya bati. Kilikuwa kifuniko cha katoni, na juu yake ncha ya jani la kijani. Tupokigwe akakipachika kwenye ukingo wa katoni. Meno yakaingiana, jani likakamilika.

"Ulitoa safu ya juu," Tupokigwe alisema, "ukakata mdomo, ukakunja ubavu ukawa kifuniko. Ukaacha ishirini na nne, hesabu aliyoizoea Anna. Ulijua kaka yako atakuja na karatasi yake. Kilichokuponza ni kutokuchoma boksi zuri, na Julai hii ina upepo."

Gloria aliangusha mwiko. "Sikuuza hata moja," alisema, na sauti ilikuwa bado ya ugomvi. "Yako chini ya kitanda, yote. Yale maboksi ya zamani yangejaza nyumba, haya yameingia kimya. Sikutaka magari. Mimi na Nikodemo tumbo moja, nimembeba mgongoni, halafu ufunguo anampa nani? Nilitaka hao aliowaamini waitwe wezi, aone."

Nikodemo aliingia, akainama, akatoka na magari mawili mkononi. Akaanza kuwaambia watu watawanyike, haya ni mambo ya familia, watayamaliza wenyewe.

"Saa nane bado haijafika," Tupokigwe alimwambia. "Ile polisi ya Anna imekwenda wapi?"

Tupokigwe akamshika mdogo wake mkono, wakaingia kwao kula.

Walikuwa wameshanawa, ugali unatoa moshi, kivuli kilipoziba mlango. Nikodemo alisimama pale, hajavuka kizingiti. Alisema kesho Anna aje kazini kama kawaida. Radhi hakuomba.

Anna aliinuka, akafungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo na kumwekea kiganjani.

"Huu ni wako, mpe wa tumbo moja na wewe," alisema. Kisha akamsogezea maji ya kunawa na kigoda. "Haya, ingia ule. Hapa hatumfukuzi mtu ugali ukiwa mezani, hata aliyetuita wezi."