Ukurasa Usiofika Muleba

Siku hiyo duka la Mzee Chimanlal mjini Bukoba lilijaa watu mpaka mlangoni, na feni ya mezani ilikuwa imebaki moja tu. Ephrasia aliishika juu. Chini, kwenye kitako, ilishikwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vilivyojaa udongo.

"Dada, mimi nimetangulia."

"Umetangulia kuiona. Kuishika nimetangulia mimi."

"Unaipeleka wapi? Bukoba hapa kuna joto gani?"

"Ni ya seva ya ofisini. Inachemka kama sufuria ya matoke."

Kijana akaiachia. "Seva ya shirika la yatima? Kumbe ile sauti ya simuni ni yako. 'Zima, halafu uwashe tena, waitu, ndugu yangu.'"

Ephrasia akacheka, akaweka sawa kitenge chake cha bluu. "Na wewe ndiye Yoeli wa ofisi yetu ya Muleba. Bingwa wa kulalamika."

Basi yakaanza hapo. Ulikuwa mwaka 2003, Kagera ilikuwa bado inazika watu wake wa UKIMWI, lakini tangu lini mapenzi yakangoja msiba uishe? Simu za malalamiko za kila Jumanne zikawa za kila siku. Yoeli alimwita "fundi wangu", naye akamwita "mlalamikaji wangu", na seva ikabaki kuwa kisingizio.

Nyumbani Buhembe hakukuwa na kicheko. Mume wa Ephrasia, Rugambwa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alijua anaumwa nini, akanyamaza mpaka kaburini. Ephrasia alipima mara mbili akakutwa hana virusi, na hilo alimwambia Yoeli wazi. Lakini hakuwa na mtoto, na kwa wazee wa ukoo ule mjane asiye na mtoto alikuwa na njia mbili tu: arithiwe na shemeji yake Karugendo, au aondoke na nguo zake, aiache nyumba na kibanja cha migomba alimozikwa mumewe. Mama mkwe alijua saa anayotoka na saa anayorudi. Mahali pekee alipopumua ni chumba cha seva, nacho hakikuwa na dirisha.

Seva yenyewe, kompyuta iliyohifadhi kurasa za shirika, ilikuwa ikizimia kila watu walipoingia wengi. Ephrasia aliichunguza akaona kwamba kila aliyefungua ukurasa alishikilia nafasi dakika tano nzima hata akiwa kimya, huku wengine wakisubiri nje. Akafungua faili la mipangilio, akapunguza muda wa kusubiri kutoka sekunde mia tatu mpaka kumi. Mashine ikatulia. Akajisifu, maana hakuna mwingine ofisini aliyejua kumsifu.

Alhamisi akapitia kumbukumbu za seva, ambako huandikwa kompyuta ipi imefungua nini. Ya Yoeli ilikuwa imefungua ukurasa mmoja, "Kuishi na Virusi", mara arobaini na moja kwa siku mbili.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ephrasia akaona huyu naye anamficha, kama Rugambwa. Simu ikaita.

"Fundi wangu, mbona kimya tangu asubuhi?"

"Nina kazi."

"Nina jambo nataka kukwambia, ila natafuta pa kuanzia."

"Tafuta na wa kumwambia," akasema, akakata. Jioni ile, kwa hasira na uchovu, alimwambia mama mkwe kwamba wazee waje tu Jumamosi, atarithiwa na Karugendo.

Ijumaa mchana Yoeli akaingia ofisini na koti lake linavuja maji. Alikuwa ametoka Muleba kwa pikipiki, mvua yote ikamwishia mwilini.

"Nimekukosea nini, Ephrasia?"

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Mara arobaini na moja, Yoeli."

Yoeli akaiona kompyuta yake kwenye orodha. "Kumbe unanichungulia."

"Nisamehe. Lakini wewe ulikuwa unanificha."

"Mara moja ingenitosha. Ukurasa unafika nusu, unakatika. Nafungua tena, unakatika. Mpaka leo sijafika mwisho."

Ephrasia akarudi kwenye kumbukumbu. Kweli, mara zote arobaini na moja seva ilituma nusu tu ya ukurasa, ikaacha. Laini ya simu ya Muleba husitasita mvua ikinyesha, na zile sekunde zake kumi zilimhesabu Yoeli kuwa ameshaondoka. Alikuwa amemkata yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na aibu ikamjaa.

"Huko mwisho kuna nini?" aliuliza taratibu.

Yoeli akakaa. "Nilipima mwezi wa tatu. Ninavyo. Sehemu ya mwisho inaeleza kama mwenye virusi anaweza kumuoa asiye navyo. Nilitaka kujua kwanza, nisije nikakuomba kitu kisichowezekana."

Ephrasia akaivuta kibodi karibu. Alirudisha sekunde mia tatu, akapunguza badala yake idadi ya watu wanaoingia kwa pamoja, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Halafu akaufungua ukurasa, wakausoma pamoja mpaka chini. Ulisema inawezekana, wakiambiana ukweli, wakitumia kinga kila mara na kumwona daktari. Haukuahidi zaidi.

"Na dawa?" Ephrasia aliuliza.

"Wanasema zinakuja."

Simu ikaita. Alikuwa Karugendo. "Shemeji, kesho saa nne wazee wanafika. Pombe ya lubisi iko tayari."

"Wasisumbuke, shemeji Karugendo. Ninaolewa kwingine."

"Na nani?"

"Na mtu aliyepima, akaniambia majibu yake. Wewe mkeo alifariki mwaka juzi. Umepima?"

Upande wa pili wakasikika kuku wa uani kwake. "Basi funguo za nyumba uziache mezani," alisema mwishowe.

"Nitaziacha."

Alipoiweka simu machozi yalikuwa yakimtoka. Yoeli hakuthubutu kumshika.

"Ephrasia, huenda nikakuacha mjane mara ya pili."

"Najua," alisema. "Ila safari hii nimeambiwa."