Kazi Moja, Majina Mawili

— Mademoiselle Fabiola, nakuuliza tena: kazi hii ni ya nani?

Uso wa Bwana Eugène, mkuu wa waandishi wa programu katika kampuni kubwa ya Kinshasa, uliganda kwenye simu yangu, kisha ukarudi. Nilikuwa Kavimvira, karibu na mpaka, chumbani kwa shangazi, ambako mtandao wa Burundi hunasa vizuri.

— Ni yetu wawili, Monsieur. Mimi na Toussaint.

— Kila mtu alipaswa kuandika peke yake. Mmefanana hadi majina ya sehemu za programu: «ndakala», «mukeke». Samaki?

— Ni wa ziwa letu, Monsieur.

Tangu mwaka wa kwanza chuoni tumetumia kompyuta moja, ya Toussaint, mchumba wangu. Yeye huwaza kwa sauti, mimi huandika na kusahihisha. Kwa maprofesa wetu, kazi moja hubeba majina mawili. Jaribio la kuomba kazi kwenye kampuni hii tulilifanya vivyo hivyo, kisha kila mmoja akalituma kwa jina lake. Tulikuwa tumeahidiana: mshahara wa atakayeajiriwa utagharimia ndoa yetu.

— Nimezungumza naye asubuhi, akasema Bwana Eugène kwa upole. Amesema kwamba uliichukua kwenye mashine yake.

— Toussaint amesema hivyo?

— Pole, Mademoiselle.

Akakata simu. Safari hii sikuwa na mtandao wa kulaumu. Nikampigia Toussaint.

— Chérie! Umemaliza?

— Ulimwambia nini?

— Fabi, niliogopa. Ilikuwa lazima mumoja aanguke.

— Na ukanichagua minye.

— Kazi iko ya sisi wote! Nilifanya juu ya ndoa yetu.

— Ungeniomba, ningekuachia.

Wiki iliyofuata akaniandikia: «Wamenikubali! Mama iko anacheza inje, mu parcelle.» Sikujibu. Jumatatu akapiga, akinong'ona:

— Fabi, usikate. Wanataka nieleze ile sehemu inayozuia mteja kulipa mara mbili. Wananingoja. Minye sijui weye uliiandika namna gani.

— Si uliwaambia iko yako?

— Nihurumie, mupenzi. Wakinifukuza, tutaoana namna gani?

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya alama nyekundu ya kukata simu. Kikakataa kushuka.

— Tafuta penye «ndakala», nikasema.

Nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyewaza kwa sauti, naye akaandika.

— Asante, chérie! Jumamosi tunakuja kwenu na wazee?

— Usije, Toussaint.

— Lakini umenisaidia!

— Nimekusaidia kwa sababu ningali nakupenda. Usije, kwa sababu ulipoulizwa kazi ni ya nani, ulisema uko peke yako.

Nikakata. Kisha nikalia kwa uchungu, maana nilijua kwamba akinipigia kesho, nitapokea.