Minyaa ya Kaburi la Mzee Anselm

"Chukua hizi laki sita, dada, tuyamalize," Chediel alisema, na hata shikamoo hakutoa.

Yunisi alizitazama noti zilizowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, akazisukuma kwa ncha ya fimbo mpaka zikaanguka mavumbini. Kipande cha shamba kilicho kando ya barabara ya Mtinko, Chediel alikuwa amemuuzia mnunuzi wa alizeti kutoka mjini kwa milioni mbili na laki nne, apate pa kujenga mashine ya kukamulia mafuta. Kosa lilikuwa moja tu. Kipande chenyewe kilikuwa cha Yunisi.

"Sikukuuzia," Yunisi akasema. "Hela sitaki. Nataka ardhi yangu."

Chediel akacheka, akaonyesha ua wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe kama maziwa, uliozunguka nyumba yake mpaka kule barabarani. Mpaka ni minyaa, alisema, kijiji kizima kinajua hivyo tangu enzi za mababu. Minyaa iko pale, basi mpaka uko pale. Dada akitaka kushtaki, aende akaishtaki minyaa.

Mkewe, Febronia, alikuwa pembeni akipepeta mtama. Yeye hakucheka.

Mvua zilipoanza, Yunisi alikuwa amekwenda Kilimatinde kumuuguza binti yake kwa miezi miwili. Shamba alimwachia Chediel, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Yunisi alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe hajang'oa meno ya utoto. Alimwachia bila shahidi. Kwake, mtu anayemtafutia ndugu yake shahidi ameshamhukumu. Kumbe mwenzake alikuwa akimhesabia siku za kuondoka. Aliporudi alikuta mpaka umehama, na shamba lake limeingia ndani ya ua wa mtu.

Aliondoka pale kwa hasira, akafuata ule ua kuelekea kwake. Katikati ya njia hasira ikapungua, akaanza kutazama. Minyaa ya miezi miwili haivuki goti. Hii ilimzidi kimo. Isitoshe, mmea wowote hutafuta mwanga. Hata punje ikiota chini ya gunia itajinyonga mpaka ilione jua. Minyaa hii ililipa jua kisogo. Ilikuwa imeinama yote upande mmoja, kuelekea kilimani.

Kilimani alikuwa amezikwa baba yao, Mzee Anselm.

Febronia alimfuata njiani, ungo bado mkononi. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Nenda kwa baba," alinong'ona. "Kaone alikochukua vipande vya minyaa."

Kaburi la mzee lilikuwa limezungushiwa minyaa pande zote, bila mlango, fisi wasifukue. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Sasa ua ule ulikuwa umefyekwa. Visiki tu vilibaki, vifupi kama vidole. Chediel alijua kwamba akikata minyaa ya mipakani watu wataona, na akajua kwamba kaburini hakuna anayepita. Akamwibia hata maiti.

Yunisi alikumbuka mkono wa baba yake ukichomeka kipande ardhini. Ukipanda mbegu, mzee alikuwa akisema, unapata mtoto, na mtoto ana akili zake. Lakini ukikata kipande cha mnyaa ukakipanda, hujazaa kitu. Ni mnyaa ule ule, umesimama mahali pawili.

Akainama. Jeraha la panga kwenye mnyaa hukauka haraka. Visiki hivi vilikatwa miezi miwili iliyopita.

Vilikuwa bado vinatiririka maziwa.

Yunisi hakuwa mtu wa kumchimbia mwenzake shimo kimyakimya. Alirudi siku ile ile, akamwambia Chediel waziwazi: umejizungushia ua wa kaburi, ung'oe kabla haujakuzoea. Chediel akajibu kwamba dada amekosa hoja, sasa anatisha watu kwa mizimu. Alipokuwa akitoka, Yunisi aliona kwamba mlango wa ua, ambao asubuhi aliupita na fimbo yake bila shida, sasa ulimgusa mabega.

Baada ya hapo habari zilimfikia kwa vipande. Kwamba Chediel anafyeka ule mlango kila asubuhi, na kila jioni umerudiana. Kwamba maziwa ya mnyaa yamemrukia machoni, na majirani walipopiga hodi aliwafukuza. Kisha Febronia akapita kwa Yunisi na furushi kichwani, akielekea kwao Mkalama. Mikono yake ilikuwa na michubuko. Alisema ametoka kwa ubavu kati ya mashina, na nguo imebaki.

Yunisi akaacha hasira zake nyumbani, akaenda. Ilikuwa mchana, jua la utosi, kuku wamelala kivulini.

Mlango haukuwapo.

Alizunguka ua wote. Mashina yalikuwa yamebanana kama meno. Hakuna upepo, lakini yalikuwa yanasuguana.

"Chediel."

Kisha sauti, karibu sana, upande wa pili wa mashina. "Dada."

"Nipo. Kaa hapo hapo, nawaita watu."

"Sioni, dada."

"Ni maziwa hayo. Yataoshwa."

"Dada." Sauti ilishuka. "Humu ndani kuna mtu."

Yunisi alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nani?"

"Ananiuliza mpaka uko wapi."

Yunisi akapiga yowe. Watu wakaja na mapanga na mashoka, wamejifunga vitambaa usoni, wakafyeka mpaka jua likaelemea magharibi. Walipopenya, uwanja ulikuwa mtupu. Nyumba iko wazi. Ugali kwenye sahani unatoa mvuke. Panga limeegemea ukuta, jeupe kwa maziwa mpaka kwenye mpini. Walipekua hadi kwenye vihenge vya mtama. Chediel hakuwapo, na hapakuwa na pa kutokea.

Wengine waliendelea kuita. Yunisi aligeuka, akatazama ilikoinamia minyaa. Akapanda kilima peke yake.

Ua wa kaburi ulikuwa umesimama. Mzima. Mrefu. Hakuna kisiki hata kimoja, hakuna alama ya panga. Alipiga magoti, akachungulia kati ya mashina.

Lilikuwapo tuta la baba yake, limeota nyasi.

Pembeni yake lilikuwapo la pili. Nalo limeota nyasi, kama yote mawili yalichimbwa mwaka mmoja.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Kule chini pengo lililofyekwa lilijiziba, na hakuna mtu aliyekubali kuligusa tena, kwa malipo yoyote. Shamba la Yunisi liko ndani mpaka leo. Msimu wa alizeti umepita akilitazama kwa nje, mama mtu mzima, analima vibarua kwa jirani na ardhi yake anaiona.

Siku moja ya mnada, alipokuwa akirudi, alipitia kilimani. Kati ya mashina mawili ya ua wa kaburi palikuwa na kitu kimechomekwa. Akakisogeza kwa fimbo. Lilikuwa bunda la noti, limefungwa kwa uzi wa gunia, limegandamana kwa maziwa mabichi. Uzi ulikatika, noti zikamwagika nyasini; alizihesabu kwa macho, akaona si zile laki sita za kumnyamazisha. Ni zote, milioni mbili na laki nne.

Ndani ya ua kitu kilijongea, taratibu, kama mtu anayejitafutia nafasi ya kulala.

"Shikamoo, dada."

Miaka yote ya maisha yake Yunisi hakuwahi kuacha shikamoo ya mdogo wake bila jibu. Siku hiyo hakuitikia marahaba. Alizikusanya noti kwa ncha ya fimbo, moja baada ya nyingine, akazisukuma kurudi kati ya mashina mpaka ya mwisho ikapotea gizani.

"Sikukuuzia, Chediel," akasema. "Nirudishie ardhi yangu."