Kitabu cha Kliniki Ndani ya Mkoba

— Utatoka kwangu, Nthenya! Umeniletea umalaya ndani ya nyumba!

Nthenya aliketi kwa ukingo wa kitanda, homa imempanda, hata kukojoa ni machozi. Malengelenge ya juzi yalikuwa yamepasuka, yakawa vidonda.

— Bedan, sijawahi jua mwanaume mwingine.

— Nimewaita watu wetu hapa Jumapili. Waambie hivyo.

Kesho yake alijikokota hadi kliniki hapo Kitengela. Sista Nalangu alimpima, akavua glavu polepole.

— Hii ni herpes, mama, ugonjwa wa zinaa. Haitoki mwilini, lakini dawa inaituliza. Ukisikia mwasho unarudi, anza kumeza mapema.

— Nani ameniletea?

— Kwa kuangalia tu siwezi jua. Mtu anaweza kaa nayo miaka bila dalili.

Nthenya alipopewa vidonge, aliigeuza pakiti mara mbili. Pakiti kama hiyo aliwahi kuiona kwa mkoba wa Bedan, ule anaobeba akienda Namanga kupitisha mizigo ya watu mpakani. Bedan alimwambia ni dawa ya tumbo.

Alirudi nyumbani akaupekua. Chini ya karatasi za forodha kulikuwa na kitabu cha kliniki chenye jina la mumewe, cha mwaka 2002: "Herpes, imerudi mara ya tatu. Ameshauriwa amwambie mwenzi wake."

Walioana 2004.

Hakulia. Alikificha kitabu kifuani, akaingojea Jumapili kwa hamu.

Siku hiyo sebule ilijaa watu wa Bedan. Mama yake, Wamaitha, ndiye alianza.

— Msichana, tuambie hiyo aibu umeitoa wapi.

— Mama, niko na kitu hapa. Soma kwa sauti, kila mtu asikie.

Wamaitha alisoma. Alipofika kwa jina la mwanawe na neno herpes, akakishusha kitabu.

— Endelea, Mama. Ama nisome mimi?

— Bedan, ulijua?

Bedan alinyoosha mkono akichukue kitabu.

— Alijua kabla mlete mbuzi wa mahari kwetu, — Nthenya alisema. — Akaniita malaya majirani wakisikia. Sasa pasta wetu pia atasoma. Nimetoa kopi.

— Nthenya, tafadhali... — Bedan alipiga magoti.

— Kaa hapo hapo. Umependeza.

Alibeba sanduku lake, akaenda kwao Machakos. Jumatano simu ikalia, ujumbe wa Bedan: "Nisamehe mpenzi. Niliogopa ungenikataa."

Nthenya aliusoma mara mbili, kisha akaandika:

"Ungeniambia, ningekuchukua hivyo hivyo. Sasa ndiyo nimekukataa."