Kiti cha Arobaini

"Viti ni thelathini na tisa," alisema Sentimita, simu ameibana kati ya bega na sikio. "Mkataba unasema arobaini."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu kwa kidole, nikahesabu kwa kalamu, nikamwita na karani wa mapokezi anihesabie."

"Naye kapata vingapi?"

"Thelathini na tisa, bwana!"

Upande wa pili mtu alicheka. "Basi wa arobaini atakuja na kiti chake."

Sentimita alitaka kukasirika, akashindwa. Jina hilo alipewa ofisini kwa sababu hakuamini kitu asichokipima. Kampuni yao ilipamba ndani ya majengo ya biashara: saluni, kliniki, hoteli, mikahawa. Yeye alikwenda na futi yake kupima vyumba, na mteja akishakubali, aliagiza meza, viti na taa. Katikati ya hatua hizo mbili alikuwapo huyu anayecheka. Alichukua vipimo vikavu vya Sentimita na kuvigeuza slaidi: mteja akitazama ukutani anaona mkahawa wake ambao bado haujajengwa, jua limeingia dirishani, vikombe viko mezani, mtu unatamani uvute kiti ukae. Alifanya kazi nyumbani kwake. Bosi alimwajiri kwa video, akaona uso na mabega basi. Wengine walijua sauti tu, wakamwita Bwana Slaidi.

"Hii mara ya tatu," Sentimita aliendelea. "Saluni ulipunguza kiti kimoja. Kliniki kimoja. Leo mkahawa. Una ugomvi gani na viti?"

"Ugomvi? Hapana. Tumezoeana mno."

"Nijibu kama mtu mzima."

"Bi Sentimita, nenda kale. Saa saba hii."

Hakwenda kula. Alifungua slaidi ya tisa. Meza ya dirishani ilikuwa na viti pande tatu, na upande wa nne ulikuwa wazi. Akapima pengo lile kwenye mchoro: sentimita themanini. Akafungua slaidi za kliniki: themanini. Saluni: themanini. Mtu akisahau kiti, anasahau ovyo, leo hapa, kesho pale. Huyu hakuwa amesahau. Alikuwa na sababu, na sababu asiyoijua ilimwasha Sentimita kuliko upele.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu waanze kuandikiana. Mwanzoni ilikuwa kazi tupu.

"Ukuta wa slaidi ya tano ni rangi ya maziwa au ya mchanga?"

"Ya maziwa. Umekula?"

"Swali la pili halimo kwenye mkataba."

"Liingize kwenye nyongeza."

Baadaye nyongeza ikawa ndefu kuliko mkataba. Kila saa saba mchana simu iliita, Sentimita aliipokea kabla haijaita mara ya pili, kisha akajifanya alikuwa na kazi. Alijua kwamba Bwana Slaidi hunywa chai bila sukari, kwamba huchukia taa nyeupe, kwamba akifikiri hupiga mluzi. Hakujua urefu wake. Kwa mwanamke wa aina yake, hilo lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi.

"Alhamisi mwenye mkahawa anakuja," alimwambia. "Njoo uwasilishe mwenyewe. Nami nikuone."

"Ghorofa ya pili, na lifti yenu imekufa? Mimi mtu wa chini."

"Basi kesho tukutane hapo kwenye kona, pana juisi nzuri."

"Kesho nimebanwa."

"Keshokutwa?"

"Nimebanwa pia."

"Unabanwa na nini, mlango?"

Alicheka, lakini cheko lilikuja kwa kuchelewa. Na papo hapo, nyuma yake, sauti ya mtoto ikapasua simu: "Zamu yangu kupanda! Uliahidi!" Kisha ya mwanamke: "Mwache kwanza, si unaona anaongea?"

"Nitakupigia," alisema Bwana Slaidi, akakata.

Sentimita alikaa akitazama simu. Mtoto. Mwanamke. Pengo la sentimita themanini. Mwingine angelia. Yeye alishuka ngazi hadi duka la vitu vya watoto la mtaa wa pili, akaomba ruhusa, akapima kigari cha kusukumia mtoto. Upana, sitini. Ukiongeza nafasi ya kukigeuza, themanini kamili.

"Hongera mama," alisema muuzaji. "Wa kwanza?"

"Si wangu," alijibu Sentimita, akakunja futi.

Akampigia akiwa barabarani.

"Una mtoto."

"Nini?"

"Lile pengo lako ni la kigari cha mtoto. Kila unapochora unamwekea mwanao nafasi. Na mama yake yupo hapo, nimemsikia kwa masikio yangu. Nimekosea?"

Kimya.

"Sema nimekosea," alisema, na sauti yake, ambayo haikuwahi kumsaliti mbele ya mteja yeyote, ikashuka.

Alimsikia akivuta pumzi. "Wewe hukosei vipimo," alisema hatimaye.

Sentimita alikata simu, akaandika: "Kuanzia leo tuandikiane kazi tu."

Jibu likaja: "Sawa."

Herufi nne. Alizirudia hadi ofisini, hazikuwa na kitu cha kupima.

Alhamisi, mwenye mkahawa alifika kabla ya wakati, mwanamume mnene aliyezoea kuamuru.

"Kiti cha slaidi ya tisa kimerudi?" bosi alinong'ona.

"Hajakirudisha. Nilimwandikia, akasema pabaki hivyo au tutafute mtu mwingine."

"Basi akiuliza utajibu wewe, mwanangu. Mimi simo."

Slaidi zilikwenda vizuri. Mwenye mkahawa alitikisa kichwa kwa kukubali alipoiona kaunta, akatabasamu alipoziona taa. Ilipofika ya tisa akainua mkono.

"Hapo mmesahau kiti."

"Hatujasahau," alisema Sentimita. Alitaka kusema ni nafasi ya kigari cha mtoto. Maneno yalikuwa ulimini tayari. Lakini yeye hakutamka jambo mbele ya mteja bila kulihakiki, akatupa jicho kwenye kompyuta yake, ambako chini ya kila slaidi kulikuwa na maelezo ambayo mteja hayaoni. Bwana Slaidi alikuwa ameandika: *Meza hii isiwe na mguu wa kati. Chini iachwe wazi, kimo sentimita sabini.*

Aliyajua maneno hayo. Yalikuwapo saluni, yalikuwapo kliniki, na mara zote mbili aliagiza meza za namna hiyo bila kuuliza. Kwa nini chini paachwe wazi? Kigari kinawekwa kando ya meza. Hakuna mama anayemsukumia mwanawe mvunguni. Kinachoingia chini ya meza mtu akikaa ni magoti, na kigari cha mtoto hakina magoti.

Wa arobaini atakuja na kiti chake. Tumezoeana mno. Mimi mtu wa chini. Zamu yangu kupanda.

"Dada," alisema mwenye mkahawa, "nimeuliza, hapo atakaa nani?"

"Mtu wa kiti cha magurudumu."

"Pale mlangoni pangu pana ngazi mbili. Atapitia wapi, dirishani?"

Sentimita akarudisha slaidi ya nne. Ngazi hazikuwapo. Palikuwa na mteremko mpana wenye reli, umechorwa kwa unyenyekevu kiasi kwamba hakuna aliyeushangaa. Hata Sentimita, aliyeuliza bei ya mbao zake Jumatatu, hakujiuliza ni wa nani.

Mwenye mkahawa aliufuata mteremko kwa kidole hewani. "Pabaki hivyo," alisema. "Huyo mtu mnamjua, au mmemtunga?"

"Namjua," alisema Sentimita. "Kwa sauti."

Bosi akakohoa.

Jumamosi asubuhi Sentimita alisimama mbele ya nyumba ambayo anwani yake aliitoa kwenye mkataba wa kazi wa Bwana Slaidi. Mlangoni palikuwa na mteremko wa saruji, katikati umesuguliwa na magurudumu hadi unang'aa. Mwanamke aliyefungua alimtazama usoni, kisha akaitazama futi iliyoning'inia kiunoni mwake.

"Wewe ndiye Sentimita!" akapiga makofi. "Pita, wifi, pita. Mimi dada yake. Huyu kaka yangu siku nne hali, hasemi, hapigi hata mluzi."

Ukumbini mtoto wa kama miaka minne alikuwa amepanda mapajani mwa mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, wanazunguka meza. Walipomwona, magurudumu yakasimama.

"Mjomba, mbona umeacha? Bado raundi moja!"

"Twende jikoni," alisema dada, akambeba.

Walibaki wawili. Alikuwa na mabega mapana, na uso wa mtu aliyekamatwa.

"Kwa nini ulisema una mke?" alianza Sentimita. Hakuwa amesalimia.

"Sikusema. Ulisema wewe, nikanyamaza."

"Niliuliza, ukanyamaza. Hilo ni jibu, na ni la uongo."

"Ni la uongo," alikubali.

"Kwa nini?"

Alisugua gurudumu kwa kidole gumba. "Mtu akiachwa kwa sababu ana mke, anaachwa kama wanaume wengine, si kwa sababu ya kiti. Nikaona nafuu hiyo. Ulikuwa ujinga. Nisamehe."

"Sijaja kwa sababu ya kiti. Nina hasira na ule uongo. Siku nne nimekula chakula sijui ladha yake."

"Nami sikula kabisa. Umenishinda."

Alijizuia asitabasamu. "Na pengo? Mteja wa saluni hakuomba. Wa kliniki hakuomba."

"Hawaombi." Aliinua macho. "Nikiingia mahali, huwa kuna mtu anaruka kutoa kiti ili nipite. Anavuta, kinakwaruza sakafu, watu wote wanageuka. Wanafanya kwa wema, lakini chakula kinanishuka kwa shida. Nikasema, kwenye slaidi zangu angalau, niwe na mahali ambapo kiti kimeshatolewa."

Sentimita alifungua futi, akainama mbele yake.

"Unafanya nini?"

"Tulia." Akapima kutoka gurudumu hadi gurudumu. "Sitini na nne."

"Ungeniuliza ningekwambia."

"Kwa sasa siamini unachoniambia, napima." Futi ikajikunja kwa kishindo. "Mlango wa nyumba ya baba yangu una sabini na mbili. Unapita, ila viwiko uvibane."

Bwana Slaidi akamtazama. "Umepima mlango wa baba yako?"

"Jana. Mzee alidhani nataka kuuza nyumba. Kizingiti ni sentimita kumi na tano, nimemkatisha fundi ubao wa mteremko, atauweka leo jioni. Choo cha nje hakifai, cha ndani kinafaa. Kesho mchana unakuja kula kwetu."

"Na umemwambia mimi ni nani?"

"Nimemwambia ni mtu wa kazini aliyenidanganya mara moja."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama utarudia."

"Sirudii."

"Nitakuwa nahakiki."

Jikoni mtu alicheka akajifanya anakohoa. Sentimita akatembea hadi mlangoni, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mikono yake haikuwa na kitu cha kushika.

"Mezani kwetu kuna viti sita," alisema. "Kimoja nimeshakitoa."