Aliyeshuka na Ukungu

Alhamisi ile mimi na mdogo wangu Mereana tulipanda mlimani kukagua mitego ya fereti, kama kawaida yetu. Fereti ni jamaa ya kicheche. Wazungu waliwaleta huku kwetu ili wawamalize sungura, wao wakanogewa na vifaranga vya kiwi, ndege wetu asiyeruka. Siwahurumii hata chembe.

Jua lilikuwa linazama. Mereana akatangulia juu kwenye sanduku la mtego la kumi na mbili, la mwisho, akinitania kwamba magoti yangu yamezeeka kuliko ya Mama. Mimi nilibaki chini kutega la kumi na moja kwa nyama mbichi ya sungura.

Ukungu ukashuka.

Kisha nikasikia filimbi... nyembamba, ikitoka juu. Nikamwita Mereana, nikamwita tena.

Bibi alituonya kuhusu Patupaiarehe, watu wa ukungu: huchukua watu, na hawavumilii chakula kilichopikwa. Ndiyo maana hatupandi bila mkate wa kukaanga mfukoni.

Mereana akatokea. Hakuvunja hata kijiti alipotembea. Alinuka majani yaliyooza.

Nikamuuliza amekuta nini.

"Hakuna kitu. Twende nyumbani."

Nikamnyooshea kipande cha mkate. Huyu tangu utotoni alikuwa akiniibia wangu.

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Kula, mdogo wangu," nikanong'ona.

"Sina njaa."

Nilipaswa kupanda juu. Nilijua. Lakini woga ulinishika, nikashuka naye, nikijidanganya kwamba amechoka tu.

Wiki ya tatu sasa hagusi kilichopikwa. Nyama ya chambo inapungua kwenye jokofu. Juzi nilimfumania Mama akimpelekea chumbani sahani ya sungura mbichi. Nikamwambia huyo si Mereana, kwamba mtoto wake bado yuko mlimani.

Mama hakunitazama.

"Ngaire, mmoja ulimwacha huko juu. Huyu usinifukuzie."

Mitego naikagua peke yangu siku hizi, nikiishia sanduku la kumi na moja. Ukungu ukishuka, kuna mtu huko juu ananiita.

"Dada... Dada..."

Sauti ni ya Mereana. Kila Alhamisi inazidi kufifia, na bado sijapanda.